Ramani ya nyumba ya vizazi vitatu (Mulekera)

Katika Mulekera, mojawapo ya komini nne za mji wa Beni, Kivu Kaskazini, ramani ya nyumba ya vizazi vitatu huanza na parsele (kiwanja), si na kuta. Makao ya kimila ya Wayira (Wanande) yalikuwa na kyaghanda, kibanda cha moto ambamo wazee walizungumza na kuwafunza vijana. Mjini kazi hiyo imeangukia baraza au salo (sebule). Anayeibana salo ili apate chumba cha ziada amejikata ulimi.

Chumba cha babu na bibi kiamuliwe kwanza. Kiwe karibu na njia ya choo, pasiwe na ngazi, na mlango uwe na upana wa sentimita 90, ili mgonjwa apite kwa urahisi. Jiko la makala au kuni hukaa nyuma, moshi usiingie vyumbani, lakini bati lake lifike hadi mlango wa nyuma: mvua ya Beni haimsubiri mpishi. Wavulana wakubwa hupewa anekse, kijumba cha pembeni.

Tangu mauaji ya raia yaanze katika eneo la Beni Oktoba 2014, wengi waliohama vijiji wamepokelewa na ndugu zao mjini, kwa hiyo chumba cha wageni si anasa.

Ramani imfikirie na mjane: chini ya Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, mjane hubaki na haki ya kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe.