Bango la kielektroniki kwenye ujenzi wa barabara: linamsaidiaje dereva?

Barabara ya Kahama hadi Kakola, kupitia njia panda ya Bulyanhulu, ina urefu wa takriban kilomita 73. Hupita malori ya mgodi, mabasi, bodaboda na waenda kwa miguu. Barabara kama hii inapojengwa kwa kiwango cha lami, magari hupitishwa kwenye mchepuko, na mchepuko wa jana huenda leo umehamishwa. Kibao cha bati hakiwezi kufuata mabadiliko hayo. Bango la kielektroniki linaweza.

Bango hilo huwekwa juu ya tela, hutumia umeme wa jua, na maandishi yake ya taa husomeka hata usiku. Msimamizi hubadilisha ujumbe kila kazi inapohama.

Tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akisoma kwa sekunde tatu, amekwisha kwenda mita 66. Kwa hiyo ujumbe uwe mfupi, kwa mfano "MCHEPUKO KUSHOTO MITA 500", na bango likae mbali kabla ya eneo la kazi.

Bango halichukui nafasi ya mshika bendera wala koni. Tena lina sharti moja: liseme kweli. Likiendelea kuwaka "MAFUNDI KAZINI" wiki nzima baada ya kazi kwisha, dereva hulizoea na kulipuuza. Siku mafundi watakaporudi hatapunguza mwendo, na atakayeumia ni kibarua aliyeinama na chepe lake kando ya barabara.