Ngano, Ndizi na Sufuria la Pili



Kamati iliniomba niandike kipande cha historia. Nimechagua historia ya ugonjwa mmoja, kwa sababu uliingia nyumbani mwangu, kisha ukagusa hata jiko la hekalu letu.

Ugonjwa huo huitwa seliaki. Mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwenyewe. Mtoto hula, lakini hanawiri: huharisha, tumbo humvimba, viungo hukonda.

Mwaka 1888, tabibu Samuel Gee wa London aliyaeleza maradhi haya kwa makini, akasema kwamba kama yana tiba, basi imo katika chakula. Chakula gani, hakujua. Mwaka 1924, Sidney Haas wa New York aliwalisha wagonjwa wake ndizi na kuwanyima mkate. Watoto wakapata nafuu, na sifa zote zikaiendea ndizi. Kumbe kilichowafaa ni kile walichonyimwa, si kile walichopewa.

Aliyekifumbua kitendawili ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Aliishuku ngano tangu miaka ya 1930, na shaka hiyo ikapata nguvu katika njaa ya vita ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika. Aliwachunguza watoto kwa subira: ngano ikiondolewa, hupata nafuu, ikirudishwa, huugua tena. Mwaka 1950 aliyathibitisha hayo katika tasnifu yake huko Utrecht.

Mimi ni mfanyabiashara wa unga. Magunia ya ngano ndiyo yaliyonisomeshea watoto. Mjukuu wangu alipofikia miaka saba akiwa mwembamba kama ufito, tulisema ni minyoo, tukasema ni kijicho. Bibi yake akamzidishia chapati za samli ili anenepe. Vipimo vya damu na vya utumbo vilipotoa jibu, niliinamisha kichwa. Hata mvuje tuliotia katika dengu ulikuwa umechanganywa na unga wa ngano.

Lililoniuma zaidi ni prasad. Sheero yetu hupikwa kwa suji, nayo suji ni ngano. Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, kwani nani hukataa baraka? Usiku akaugua. Akina mama wa jikoni waliposikia, walitenga sufuria la pili, na mwiko wake, kwa sheero ya unga wa mchele. Nyumbani tumeurudia mkate wa uwele, chakula cha wazee wetu wa Kathiawar.

Naomba nisieleweke vibaya. Si kila ugonjwa wa namna hii huondoka kwa kuacha chakula kimoja. Mwenye kisukari cha utotoni hawezi kuishi bila insulini, na mwenye baridi yabisi asiache dawa zake kwa ajili ya manjano au mfungo. Lishe bora, sala na mazoezi ni wenzi wa tabibu, si badala yake. Wala mtu asiache ngano kabla ya kupimwa, maana vipimo vyaweza kuficha ukweli.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi, mgeni wetu, ukija sikukuu hii na ngano haikufai, usione haya. Uliza sufuria la pili. Limepikwa kwa ajili yako.