Baiskeli za Havana: Afya Iliyoletwa na Dhiki

Kila bei ya mafuta inapopanda, hawakosekani watu wa kusema kwamba jambo hilo nalo lina kheri yake: watu wataacha magari, watatembea kwa miguu, watapanda baiskeli, na miili yao itapata siha. Maneno hayo si ya uongo. Walakini aghalabu husemwa na mtu ambaye tangi la gari lake limejaa. Ipo nchi moja, nayo ni kisiwa, ambayo ililazimika kuyajaribu maneno hayo juu ya watu wake wote, wakubwa kwa wadogo, kwa muda wa miaka kadhaa mfululizo, huku madaktari wake wakiendelea kupima na kuandika. Nchi hiyo ni Kuba. Habari yake yafaa isimuliwe nzima, upande wa siha na upande wa njaa, kwani wengi wanaoisimulia huipenda nusu yake moja tu.

Hadi mwaka 1989 Kuba ilikuwa ikipokea takriban tani milioni 13 za mafuta kwa mwaka kutoka Muungano wa Kisovieti, kwa masharti ya kirafiki, nayo ikipeleka sukari. Mafuta hayo ndiyo yaliyoendesha mabasi ya Havana, mitambo ya umeme na matrekta ya mashamba ya miwa. Mlango wa jirani wa karibu, yaani Marekani, ulikuwa umefungwa kwa vikwazo tangu 1962, na ulikazwa zaidi kwa sheria za 1992 na 1996. Mwaka 1990, dalili zilipokuwa zimekwisha kuonekana, Fidel Castro alitangaza kile kilichoitwa Kipindi Maalumu Wakati wa Amani. Jina hilo lilichotwa katika mipango ya vita, iliyoandaliwa kwa ajili ya siku ambayo kisiwa kingezingirwa. Adui hakuja na manowari, alianguka rafiki. Disemba 1991 Muungano wa Kisovieti ukavunjika, na mafuta yaliyokuwa yakiingia bandarini yakashuka hadi chini ya nusu ya kiwango cha zamani. Kufikia 1993 uchumi wa nchi ulikuwa umepungua kwa kiasi cha theluthi moja.

Atakayesema kwamba hapo bei haikupanda, bali mafuta yenyewe yalitoweka, atakuwa amesema kweli. Lakini kwa mtu asiye na fedha, mafuta ghali na mafuta yasiyokuwapo ni kitu kimoja. Kituo cha petroli huwa ni jengo la kupita tu.

Serikali iligeukia China, na kutoka huko zikaletwa baiskeli zaidi ya milioni moja, katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa na watu wasiozidi milioni 11. Ziliuzwa kwa bei nafuu kupitia kazini na vyuoni, wanafunzi wakilipa kidogo kuliko wafanyakazi. Zilikuwa za aina za Forever, Flying Pigeon na Phoenix. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hiyo ya mwisho haihitaji kuelezwa: ni ile ile nyeusi, ya chuma kizito, isiyo na gia, inayobeba gunia la mkaa au watoto wawili wa skuli juu ya keria yake bila ya kunung'unika. Wakuba walinung'unika. Kwao, kabla ya hapo, baiskeli ilikuwa kitu cha kuchezea watoto, na mtu mzima mwenye kazi yake alipanda basi. Ghafla mwalimu, daktari wa upasuaji na mpiga fidla wa okestra walijikuta wanakanyaga pedeli chini ya jua la Karibi, mara nyingi mke ameketi nyuma na mtoto mbele.

Mji ulijibadilisha kwa upesi wa kustaajabisha. Katika barabara pana za Havana zilitengwa njia za baiskeli. Watu waligeuza kumbi za mbele za nyumba zao kuwa maegesho, wakilinda baiskeli za wapita njia kwa ujira mdogo, kwani wizi wa baiskeli ulishamiri kama uyoga. Kila mtaa ulipata fundi wake wa kuziba pancha. Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa ile hila ya kuvuka ghuba. Chini ya ghuba ya Havana lipo handaki la magari, lililofunguliwa 1958, linalouunganisha mji na vitongoji vya mashariki. Mpanda baiskeli hawezi kupita humo kwa usalama. Basi zikachukuliwa gari za abiria, zikang'olewa viti, zikawekewa ngazi za mteremko, na mtu akaingia humo pamoja na baiskeli yake. Chombo hicho waliita ciclobús, na kiliendelea kwa miaka mingi hata baada ya dhiki yenyewe kulegea.

Wasiokuwa na baiskeli walitembea, au walingoja. Kwenye njia kuu waliwekwa watumishi waliovaa sare za manjano, kazi yao ikiwa kusimamisha magari ya serikali yenye nafasi na kuwapakia wasafiri waliopanga foleni. Watu wakawaita "wa manjano", basi. Na mjini zilitengenezwa tela ndefu zilizokokotwa na malori, zenye migongo miwili iliyoinuka mbele na nyuma na bonde katikati, zikichukua abiria wapatao 300 kwa pamoja. Hizo waliziita camello, yaani ngamia. Inafaa kutua kidogo hapa, kwa sababu majina ya namna hii ni ushairi wa watu waliochoka. Dar es Salaam, katika uhaba wake, iliwahi kuita magari ya kukalia mkabala "chai maharage", na Havana ikajifugia ngamia. Ngamia hao waliondolewa katika barabara za Havana mwaka 2008, wala hapana aliyewalilia.

Sasa, habari ya siha. Watafiti wa Kuba, wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo, walichapisha mwaka 2007, na tena mwaka 2013, hesabu zilizowashangaza madaktari wa dunia nzima. Katika miaka ya kwanza ya 1990 watu wazima wa Kuba walipungua uzito kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 na zaidi, si kikundi cha wagonjwa waliofungishwa chakula hospitalini, bali umma kwa jumla. Idadi ya wanene wa kupindukia ilishuka kutoka asilimia 14 hadi asilimia 7. Wenye kuishughulisha miili yao vya kutosha waliongezeka kwa zaidi ya mara mbili, na hao wengi wao hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wakienda kazini. Kisha, miaka michache baadaye, yaani kuanzia 1997 hadi 2002, vifo vya kisukari vilipungua kwa nusu, vifo vya maradhi ya moyo kwa kiasi cha theluthi, na vya kiharusi kwa moja ya tano. Hakuna dawa iliyowahi kufanya hivyo kwa taifa zima kwa muda mfupi kiasi hicho.

Hiyo ndiyo nusu inayopendwa. Nusu ya pili imo katika karatasi zile zile. Chakula alichopata mtu kwa siku kilishuka kutoka kilokalori 2,900 hivi hadi kukaribia 1,860. Asubuhi ya wengi ilianza kwa glasi ya maji yaliyotiwa sukari, kwa kuwa sukari ndiyo iliyobaki. Mtu aliyekunywa glasi hiyo ndiye aliyepaswa kukanyaga chuma cha kilo 20 kwenda kazini, na jioni kurudi katika barabara zisizo na taa, kwani umeme nao ulikuwa wa mgao. Mwaka 1992 na 1993 yalizuka maradhi yaliyoharibu mishipa ya macho na ya miguu. Waliougua walipindukia 50,000, wengine wakififia uoni, wengine wakipoteza hisi nyayoni. Uchunguzi ulionesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa upungufu wa lishe, khasa vitamini za jamii ya B, na kwamba uvutaji wa tumbaku uliyazidisha. Serikali ikalazimika kugawa vidonge vya vitamini kwa wananchi wote. Vifo vya wazee navyo viliongezeka mwaka 1993. Ni kweli kwamba vifo vya watoto wachanga havikupanda, na hilo ni jambo la fahari kwa waganga wa Kuba. Lakini lilipatikana kwa kuwapa watoto na wajawazito kile ambacho wengine walikikosa.

Kwa hiyo siha ile ilitoka wapi, katika pedeli au katika sahani tupu? Watafiti wenyewe hawakuvitenganisha: watu walikula kidogo na kutembea sana kwa wakati mmoja. Anayeichukua baiskeli peke yake kutoka katika habari hii na kuisifu, amekata kitambaa mahali ambapo hakina mshono. Kuiita miaka ile neema, kama walivyoiita baadhi ya waandishi waliokuwa mbali nayo, ni kukosa adabu mbele ya watu waliofifia macho.

Wakuba wenyewe walitoa hukumu yao bila ya kuandika. Oktoba 2000 Hugo Chávez wa Venezuela alitia saini mkataba wa kuipelekea Kuba mapipa 53,000 ya mafuta kwa siku, huku madaktari wa Kuba wakienda kutibu Venezuela. Baadaye yakaja mabasi mapya ya Kichina. Baiskeli zikaegeshwa ukutani, zikapata kutu. Njia zao zikafutika mstari baada ya mstari, maegesho yakarudi kuwa kumbi. Na miili nayo ikarudi. Vipimo vilivyofanywa katika mji wa Cienfuegos kwa miaka mingi vilionesha uzito ukipanda tena, hadi kufikia 2011 wanene wa kupindukia walikaribia mara tatu ya wale wa 1995. Kisukari kikafuata, na kuanzia 2002 vifo vyake vikaanza kupanda upya. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Faraja ya Kuba ilikuja na injini.

Mbona basi si kila mahali yalikwenda hivyo? Uholanzi nayo ilionja uhaba. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima mafuta kwa sababu ya msimamo wake katika vita vya Mashariki ya Kati, na kuanzia Jumapili ya tarehe 4 Novemba mwaka huo magari yalipigwa marufuku siku za Jumapili, hadi Januari 1974. Watu walitembea na kuteleza kwa viatu vya magurudumu katikati ya barabara kuu. Uhaba huo ulikuwa wa miezi tu, si wa miaka, na hakuna aliyelala na njaa. Lakini uliwakuta Waholanzi wakiwa tayari na hoja nyingine mikononi. Mwaka 1971 peke yake ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, mamia yao wakiwa watoto, na wazazi walikwisha kuanzisha harakati zilizoitwa kwa jina lisilo na upole, "Komesheni Mauaji ya Watoto". Zile Jumapili ziliwaonesha kwa macho yao jinsi mji usio na magari unavyofanana. Mafuta yaliporudi, madai hayakwisha, kwani hayakuwa madai ya mafuta. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 serikali ilijenga njia za majaribio mjini The Hague na Tilburg, kisha nyingine na nyingine, na leo zaidi ya robo ya safari zote za Waholanzi hufanywa kwa baiskeli, katika nchi ambayo haikukosa fedha za kununua magari. Mholanzi alipanda baiskeli ili mtoto wake afike skuli salama. Mkuba alipewa baiskeli kwa sababu basi halikuja, na kila alipoitazama aliona basi lisilokuja.

Venezuela ilipodhoofika na vikwazo vya Marekani kukazwa, foleni za mafuta zilirudi Havana mwaka 2019. Machi 2024 serikali ilipandisha bei ya lita moja ya petroli ya kawaida kutoka peso 25 hadi peso 132, siku moja. Safari hii hazikuletwa baiskeli milioni moja. Wenye jamaa ng'ambo au akiba ya dola walinunua pikipiki na baiskeli za matairi matatu zinazokwenda kwa umeme, vyombo visivyomkumbusha mtu miaka ya maji ya sukari. Wasiokuwa nazo walitembea. Tarehe 18 Oktoba 2024 gridi ya umeme ya Kuba ilianguka, nchi nzima ikawa giza, na pikipiki zile zikasimama pamoja na mafriji.