Kutoka Daraja la Luweyeye hadi Boma la Mpala

Reli inayotoka Kalemie kwenda Kabalo inaliandama bonde la Lukuga, mto unaochukua maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka magharibi hadi mto Kongo. Niemba ni stesheni kwenye reli hiyo. Wasomaji wa mbali wanaijua kwa siku moja tu ya mwaka 1960. Nataka kuifuata njia hiyo kinyumenyume, kwa sababu yaliyotokea Niemba hayakuanzia Niemba.

Tarehe 8 Novemba 1960, wanajeshi 11 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walitoka Niemba kwenda kufungua barabara iliyozibwa na Wabaluba. Kwenye mto Luweyeye wakakuta daraja limevunjwa. Wapiganaji wakajitokeza porini na pinde, mapanga na marungu. Luteni Kevin Gleeson akawasogelea, akawaamkia: “Jambo!” Waliitika kwa mishale. Waireland 9 wakapoteza maisha, wawili wakanusurika. Wabaluba wapatao 25 walikufa kwa risasi.

Salamu ile ilichelewa. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo Moïse Tshombe alikuwa ametangaza jimbo lake la Katanga, ambamo Niemba ilikuwemo, kuwa nchi inayojitegemea, nje ya Kongo. Wabaluba wa kaskazini, wafuasi wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa katakata. Jandarmeri ya Katanga, iliyoongozwa na maofisa wa Kibelgiji, ikatumwa kuwatia adabu, na vijiji vikachomwa moto. Aliyeona nyumba yake ikiteketezwa na askari wa mzungu, kisha akaona wazungu wengine wenye bunduki wakija kwa njia ileile, angewatofautishaje? Siwatetei waliowaua vijana wa Ireland, waliokuja kuleta amani. Nasema tu kwamba barabara ile ilikuwa na kumbukumbu.

Tukirudi nyuma miaka 45 tunaikuta reli yenyewe. Ilifika ziwani mwaka 1915, vita vya Wazungu vikiwa vimepamba moto, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imebeba boti mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizotolewa London zije kupigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Boti zile zilipita bonde hili juu ya mabehewa. Wenyeji walishuhudia ugomvi usiowahusu ukipita mlangoni pao, nao wakatozwa nguvu kazi yake, kwa maana maelfu ya wapagazi wa Kongo walitumika katika vita hivyo.

Chimbuko la njia hii, hata hivyo, liko kusini zaidi, kando ya ziwa. Mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa akitumikia jumuiya ya Mfalme Leopold II, alivuka ziwa kutoka Karema akajenga boma Mpala. Wenyeji wakamwita Bwana Boma. Mzungu huyu hakuwa na jeshi la Ubelgiji nyuma yake. Alikuwa na rugaruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa, na waungwana waliotoka pwani, na urafiki wa machifu wa karibu waliokuwa na visasi vyao.

Kisasi kikubwa kilikuwa juu ya Lusinga, chifu wa Watabwa aliyepata nguvu kwa kuteka watu na kuwauza utumwani. Lusinga hakuwa malaika, na anayeandika historia yake leo hana haki ya kumsafisha. Tarehe 4 Desemba 1884, watu wa Storms walimvamia kijijini kwake, wakamuua, wakamkata kichwa. Storms mwenyewe hakwenda. Alibaki Mpala akiletewa habari. Wakati huohuo, huko Berlin, mabalozi wa Ulaya walikuwa wameketi mezani wakipanga kanuni za kuigawa Afrika. Fuvu la Lusinga likapelekwa Ubelgiji na kupimwa na wanasayansi waliotaka kuthibitisha ubora wa rangi yao. Sanamu ya mbao ya mizimu yake iliporwa pia, nayo leo ni miongoni mwa vitu maarufu vya jumba la makumbusho la Tervuren.

Msomaji wa historia ya Meksiko ataitambua sura hii mara moja. Hernán Cortés alitua huko mwaka 1519 na Wahispania mia kadhaa tu. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, uliangushwa tarehe 13 Agosti 1521, na wengi mno wa walioushambulia walikuwa wenyeji: Watlaxcala na majirani wengine waliochoshwa na kodi na vita vya Waazteki. Ndui ilikuwa imekwisha kuingia mjini na kuua kabla ya panga. Watlaxcala walidhani wanamtumia mgeni kumaliza adui wao. Waliolipa kisasi kwa mkono wa Storms walidhani vivyo hivyo, na ndani ya miaka michache wote, rafiki na adui, walikuwa raia wa Leopold bila kuulizwa. Ndiyo maana siamini simulizi ya mzungu mmoja aliyeishinda nchi kwa ujasiri wake. Aliingia kwa mlango tuliomfungulia, na Tshombe alipowategemea maofisa wa Kibelgiji dhidi ya Wabaluba aliufungua mlango uleule.

Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja wa Square de Meeûs mjini Brussels. Ni jambo jema, lakini kazi iliyobaki haiko Brussels peke yake. Waireland huwakumbuka wenzao wa Niemba kila mwaka, kwa majina yao. Wabaluba waliokufa siku ileile hutajwa kwa idadi ya kukadiria. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1960 sasa amepita 80. Vijana wa Niemba na Kalemie, walimu, watangazaji wa redio na mapadri: nendeni kwa wazee hao mwaka huu, mwandike majina ya wale 25 na vijiji vyao, kabla hawajaondoka nayo.