Kasisi Ransome-Kuti si baba yake Fela tu

Kila anapotajwa Kasisi Israel Oludotun Ransome-Kuti, hutajwa kupitia watu wengine: mume wa Funmilayo, aliyewaongoza akina mama wa Abeokuta kupinga kodi; baba wa Fela, mwanamuziki. Yeye mwenyewe huachiwa kiboko mkononi. Wapo hata wanaomwita mtumishi mtiifu wa ukoloni, kwa kuwa aliongoza shule ya kanisa na akakubali kuketi katika tume ya serikali ya Uingereza. Dai hilo halisimami mbele ya ripoti ya tume hiyohiyo, waraka ambao wanaomhukumu ni nadra kuufungua.

Maisha yake ya mwanzo yanajulikana. Alizaliwa Abeokuta, Nigeria, mwaka 1891, mtoto wa Kasisi Josiah Ransome-Kuti aliyesifika kwa nyimbo za kanisa za Kiyoruba. Alisoma Abeokuta Grammar School, iliyoanzishwa 1908, akahitimu Chuo cha Fourah Bay, Sierra Leone, kisha akaongoza shule ya Ijebu-Ode kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1932 alirudi kuiongoza shule iliyomlea, akakaa hapo hadi 1954.

Kuhusu kiboko, Fela alisimulia mwenyewe jinsi alivyochapwa, na ushuhuda wa mtoto juu ya mzazi wake si wa kupuuzwa. Lakini Wole Soyinka, mtoto wa ukoo uleule aliyepitia shule ile, anatuonyesha upande wa pili katika kitabu chake *Aké*. Mwanafunzi aliyeshtakiwa kwa mkuu wa shule alipewa nafasi ya kujitetea mbele ya wenzake, na hoja iliyopangwa vizuri iliweza kumwokoa. Mwalimu asiyetaka kuulizwa swali hawafundishi watoto kubishana naye.

Kazi yake kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa nje ya darasa. Julai 1931, dunia ikiwa katika mdororo wa uchumi na mishahara ikikatwa, walimu wa Nigeria waliunda chama chao cha kitaifa, NUT, wakamchagua yeye kuwa rais wa kwanza. Walioumia zaidi walikuwa walimu wa shule za misheni. Walifanya kazi ileile ya wenzao wa serikali kwa malipo madogo, na wengi wao walitarajiwa kulitumikia kanisa pia. Ransome-Kuti alikuwa kasisi wa kanisa lililowaajiri wengi wao. Ingekuwa rahisi kwake kuwahubiria subira. Badala yake alidai haki zao kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa rais wa chama hadi 1954. Walimu wa Kenya walipounda KNUT mwaka 1957, wenzao wa Nigeria walikuwa na robo karne ya uzoefu huo.

Sasa tuifungue ripoti. Mwaka 1943 London iliteua tume chini ya Walter Elliot kuchunguza elimu ya juu Afrika Magharibi. Waafrika walikuwa watatu: K. A. Korsah wa Gold Coast, E. H. Taylor-Cummings wa Sierra Leone, na Ransome-Kuti. Mwaka 1945 wajumbe waligawanyika. Wachache, akiwemo Arthur Creech Jones, walitaka chuo kikuu kimoja tu kwa eneo zima, nacho kiwe Ibadan. Walimu na fedha, walisema, havitoshi kwa zaidi ya kimoja. Wengi walitaka vitatu: Ibadan, Achimota na Fourah Bay. Waafrika wote watatu walitia saini pamoja na wengi.

Itazameni saini ya Ransome-Kuti. Pendekezo la wachache lilimpa Mnigeria kila kitu: chuo kikuu pekee cha Afrika Magharibi ya Kiingereza, katika mji ulio jirani na kwao. Bado alilikataa, akawa upande wa wenzake ambao nchi zao zingekosa chuo kikuu. London iliegemea kwanza maoni ya wachache, hadi Gold Coast iliposhikilia msimamo wake na kupata chuo chake mwaka 1948, mwaka uleule Ibadan ilipofunguliwa. Mtumishi mtiifu angechagua chuo kimoja.

Mkewe naye hakuanza mapambano katika nyumba yenye mume mkaidi. Akina mama walikutana na kujifunza kusoma katika mazingira ya shule ile, Soyinka mdogo akiwasaidia, kabla ya maandamano yaliyomfanya Alake, mfalme wa Abeokuta, aondoke kwenye kiti chake mwaka 1949.

Ransome-Kuti alifariki Aprili 1955. Anayetaka kumpima aanze na kumbukumbu za chama cha walimu na saini ile ya 1945. Humo yumo kasisi aliyesimama na waajiriwa dhidi ya waajiri, na Mnigeria aliyekataa upendeleo uliowanyima majirani zake.