Kabla Kidani Hakijaingia Motoni

Siku hizi vijana wa Kinondoni na Temeke wanauza hereni za vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani, na mikufu iliyotungwa upya kwa shanga za mikufu iliyokatika. Wateja wanapenda, na wengi wanaliongelea jambo hili kama limezaliwa jana. Jamani, ni la zamani mno. Mapambo ya pwani yetu yamekuwa yakizaliwa kutokana na mapambo mengine tangu enzi za mababu, na hilo lina faida yake na hasara yake.

Tuanze na utenzi, maana ndo kitu tunachopenda hapa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye wosia mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Kati ya mafunzo yake, anamwambia ajipambe: cha shingoni, cha mikononi, hata cha miguuni. Utenzi tunao mpaka leo, tunausoma na kubishana juu yake. Vidani je? Vilikuwa vya madini, utenzi ulikuwa wa maneno tu, na bado kilichodumu ni maneno.

Sababu iko kwa sonara. Kiswahili chenyewe kinatudokezea: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Karne ya 19 pesa kubwa ya Unguja na mrima ilikuwa riale yenye picha ya Maria Theresa wa Austria. Ilikuwa na gramu 28 hivi, zaidi ya asilimia 83 fedha, na zote zilipigwa chapa ya mwaka 1780 hata zilipotengenezwa miaka mia baadaye. Kisha rupia ya India ikashika soko. Hii ilikuwa na uzito wa tola moja kamili, gramu 11.66, na tola ndo kipimo cha masonara wa Kihindi. Kwa hiyo rupia iliweza kukaa kwenye mizani kama jiwe la kupimia, na ikihitajika ikaingia motoni na kutoka bangili. Shida ikija, bangili inarudi kuwa pesa. Kampuni ya Wajerumani ilipotoa rupia yake mwaka 1890, yenye sura ya Kaiser, ilishika uzito uleule.

Mzunguko huo ulivunjwa na Waingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kupigwa mwaka 1921, fedha halisi ndani yake ilikuwa robo tu. Ya mwaka 1948 haikuwa na fedha hata chembe. Sasa sonara gani atayeyusha shilingi ya namna hiyo? Malighafi yake ikabidi itoke kwingine, na akiba iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa masandukuni mwa akina mama.

Hali hiyo naiona hadi leo. Ukienda kwa sonara na mkufu uliokatika na hereni moja iliyopoteza mwenzake, atasugua kidogo kwenye jiwe, atadondosha tindikali na kutazama rangi, kisha atapima. Vito vinang'olewa pembeni, dhahabu inayeyushwa kwenye kibakuli cha udongo, inamiminwa, inagongwa, inavutwa kuwa waya. Vumbi la tupa halitupwi. Linakusanywa, maana nalo ni dhahabu. Ndiyo maana wanawake wengi wa mtaani kwetu hawaachi mzigo na kuondoka. Wanakaa kwenye benchi, macho kwenye moto, mpaka kazi iishe.

Alipoolewa mpwa wangu, akina mama wa ukoo walichanga namna hiyo. Huyu alileta pete iliyombana, yule kipande cha mkufu. Ubishi ukaja kwenye kipini cha pua cha bibi mzaa mama. Mama mdogo alisema, "Kimekaa kwenye kopo la maziwa miaka yote hii, nani anakivaa? Kiende kwa mtoto." Mama mkubwa akamjibu, "Mdogo wangu, mama alichobakiza ni hicho tu." Kikawa kimya. Ndipo mzee mmoja akakumbusha kwamba kipini chenyewe bibi alichongewa kutokana na pete za mama yake. Kikayeyushwa. Seti ilitoka nzuri, na bibi harusi aliivaa.

Nilikubaliana na uamuzi ule, na bado nakubaliana nao. Kukifungia koponi kisingekuwa kumheshimu bibi kuliko kukivalisha kwa kitukuu chake. Ila kuna kitu kilichoteketea ambacho mizani haikukipima: umbo. Kilikuwa na nakshi gani? Kilivaliwa pua ya upande upi? Watoto waliozaliwa baada ya harusi ile hawatajua.

Na hapo ndipo historia yetu inapopata tundu. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu, zilizofukiwa yapata karne ya 11. Zimetufikia kwa sababu aliyezificha hakurudi kuzichukua. Angerudi, zingetumika na kuyeyushwa kama nyingine. Madini yaliyopendwa na kutumika sana ndiyo yaliyopotea sura zake. Ukiona kabati la makumbusho lina mapambo machache, usidhani bibi zetu walikuwa hawana. Huenda unayo sikioni sasa hivi.

Simwambii mtu aache kuyeyusha. Maisha yana ada za shule, harusi na hospitali, na dhahabu ya mwanamke ni benki isiyodai fomu. Ninachoomba ni kidogo. Kabla pambo halijaingia motoni, lipige picha juu ya karatasi nyeupe, rula pembeni. Andika lilikuwa la nani, lilitoka kwa nani, lilivaliwaje, lina uzito gani, na linageuzwa kuwa nini. Nanyi mnaotunga hereni za shanga kuukuu, muulizeni anayewaletea. Mwana Kupona alimwachia bintiye karatasi, na karatasi ndiyo iliyofika kwetu.