Benchi likigeuka kijivu, liacheni

Kuna mtu kapaka vanishi benchi la mtiki pale karibu na vimbweta, na limeshaanza kubabuka kama nyoka anayejivua gamba. Basi leo naweka mitihani pembeni, nawaletea historia kidogo.

Mtiki, au msaji, ulisafiri sana baharini kabla haujawa benchi. Mbao zake zina mafuta yake zenyewe, ndo maana maji na mchwa vinahangaika nazo. Meli ya Trincomalee ilijengwa Bombay kwa msaji, ikashushwa majini mwaka 1817, na mpaka leo inaelea kule Hartlepool, Uingereza. Hata Sayyid Said wetu wa Zanzibar alikuwa na manowari iliyojengwa hukohuko Bombay mwaka 1826, ikaitwa Liverpool. Mwaka 1836 akamzawadia mfalme William IV, Waingereza wakaibadili jina kuwa Imaum.

Sasa utamu uko hapa. Manowari za mbao zilipopitwa na za chuma, akina Castle wa London walikuwa wakizivunja kando ya mto Thames. Mbao hawakutupa ng'o! Walichonga mabenchi na viti vya bustani, wakavitangaza kabisa kuwa ni msaji wa manowari. Yaani mbao imekula chumvi miaka na miaka, halafu ndo kwanza inaanza kazi ya kukaliwa, kwenye mvua na masizi ya London.

Kwa hiyo kile kijivu si ugonjwa jamani. Jua limefifisha rangi ya juu tu, ndani mbao nzima. Balaa ni vanishi: jua linaipasua, mvua inapenya, maji yanakwama chini yake. Mjini ongeza vumbi na moshi wa daladala, vinaganda kwenye vijishimo na ukungu mweusi unaota. Dawa ni brashi laini, maji na sabuni, usugue kufuata nyuzi za mbao. Na miguu isizame kwenye udongo, weka hata kipande cha tofali.

Ila msidanganyike na jina. Mtiki tunao wa kwetu, kuna mashamba ya Longuza kule Muheza na Mtibwa kule Morogoro. Lakini mti ukivunwa mchanga, sehemu kubwa ni ile mbao nyeupe ya nje, na hiyo inaoza kama mbao nyingine yoyote. Ukienda kwa fundi, mwambie akuonyeshe kiini kwanza, ndo muongee bei.